Kutoa haidrojeni ya kaboni kidogo kwenye gesi taka za kiwandani: mwongozo kamili hatua kwa hatua

Miradi ya namna hii inakwama sehemu zile zile. Mtu anasikia gesi ya kiwanda chake ina haidrojeni nyingi, anaenda moja kwa moja kuulizia bei ya mtambo wa kuchuja, anaambiwa atapata usafi wa 99.999%, anafurahi, halafu baada ya muda anajikuta anakwangua lami kwenye vali za kompresa. Au mbaya zaidi mtambo unafanya kazi fresh kabisa ila mkaguzi wa kaboni anapiga hesabu anamwambia haidrojeni yako haijapishana sana na ile ya gesi asilia.

Mtambo wa kuchuja ndo sehemu rahisi, unauzwa tayari. Kazi iko kwenye maswali mawili ambayo wengi wanayaruka: gesi yako ina nini hasa ndani, na kabla hujaigusa ilikuwa inamfanyia nani kazi. Historia naiacha, twende kazini.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Usimpigie muuza mitambo simu kama hivi huna:

- Rekodi za mtiririko wa gesi saa kwa saa, angalau za miezi kadhaa, sio wastani wa mwaka. Wastani unadanganya sana kwenye gesi taka.
- Uchambuzi kamili wa gesi, pamoja na uchafu mdogo mdogo (hatua ya 3 naeleza upi).
- Mchoro wa nishati wa kiwanda: kila boila, kila tanuru, kila jenereta inayokula gesi hiyo, na kiasi gani.
- Chanzo cha nitrojeni cha uhakika, cha kusafishia mabomba, sio mitungi miwili ya kuazima.
- Vipima gesi vya kuvaa mwilini vya kaboni monoksaidi (CO), salfaidi ya haidrojeni (H₂S) na oksijeni, pamoja na vya kufunga ukutani vya gesi zinazolipuka.
- Mhandisi wa usalama wa michakato anayeweza kusema hapana na akasikilizwa.
- Mteja wa haidrojeni, au matumizi yako mwenyewe, na kiwango cha usafi anachotaka kikiwa kimeandikwa.

Hicho cha mwisho watu wanakidharau. Haidrojeni ya magari ya seli za mafuta inafuata kiwango cha ISO 14687, usafi usiopungua 99.97%, CO isizidi 0.2 ppm (sehemu kwa milioni) na salfa yote kwa jumla isizidi 0.004 ppm. Wa kuichoma kwenye tanuru hahitaji hata robo ya usumbufu huo. Gharama ya mtambo wote inategemea jibu hili, kwa hiyo lipate mapema.

## Hatua ya 1: Jua uko kundi gani

Gesi taka ziko nyingi, na zinatofautiana kuliko watu wanavyodhani.

Gesi ya viwanda vya klorini na kostiki soda. Hii ndo rahisi kuliko zote. Kila tani 1 ya klorini inakuja na kilo 28 hivi za haidrojeni, na inatoka tayari imezidi 99%. Uchafu wake ni unyevu, matone ya kostiki, oksijeni kidogo, wakati mwingine chembe za klorini, na zebaki kama ni kiwanda cha teknolojia ya zamani. Ukiwa kundi hili unaosha, unakandamiza, unaondoa oksijeni, unakausha, basi. Hatua ya 6 na ya 7 unaweza usizihitaji.

Gesi ya matanuru ya koki, yale yanayooka makaa ya mawe bila hewa. Haidrojeni 55 hadi 60%, methani kama 25%, CO 5 hadi 8%, zilizobaki ni nitrojeni, CO₂ na haidrokaboni nzito. Inavutia sana kwenye karatasi. Ila ni chafu: lami, naftalini, benzeni, amonia, sianidi, salfa za kila aina.

Gesi ya kupunguzia kwenye viwanda vya amonia, ile inayotolewa ili gesi zisizohitajika zisijae kwenye mzunguko. Haidrojeni kama 60%, nitrojeni kama 20%, methani na argoni. Uzuri wake inatoka na presha kubwa tayari.

Gesi za viwanda vya kusafisha mafuta. Haidrojeni inaweza kuwa 20% au 50%, inabadilika na ratiba ya mitambo mingine, na mara nyingi ina olefini (aina ya haidrokaboni) na H₂S.

Gesi ya konveta za chuma. CO 60 hadi 70%, haidrojeni karibu hakuna. Unaipata kwa vipindi vya dakika chache kila konveta inapopuliziwa oksijeni, katikati ya hapo hamna kitu, kwa hiyo bila tangi kubwa la kuhifadhia usiifikirie.

Gesi ya tanuru refu la kuyeyushia chuma. Nusu yake ni nitrojeni, CO na CO₂ kama robo robo, haidrojeni 2 hadi 5%. Ushauri wangu: kama huu ndo mradi wako wa kwanza, iache. Utakandamiza mita nyingi za nitrojeni bure, na nitrojeni ni moja ya gesi ngumu kuichuja kwenye haidrojeni. Zipo njia za kuitumia, mfano majaribio ya STEPWISE yaliyofanyika Luleå, Sweden, lakini hiyo ni kazi ya watu wenye maabara nyuma yao.

Utajua umefanikiwa ukiweza kuandika mstari mmoja: gesi gani, kiasi gani kwa saa, kiwango cha chini na cha juu, presha gani, joto gani.

## Hatua ya 2: Nani alikuwa anaichoma?

Hapa ndo miradi mingi inafia, na inakufa kimya kimya, manake mtambo unawaka na haidrojeni inatoka ila kwenye kaboni hakuna kitu. Soma taratibu.

Neno "taka" linatudanganya. Kwenye viwanda vingi gesi hii haitupwi, inachomwa kwenye boila, kwenye matanuru ya kupashia chuma, au kwenye jenereta. Ukitoa haidrojeni humo, boila halitakuonea huruma, litadai nishati yake kutoka kwingine.

Fanya hesabu. Kilo 1 ya haidrojeni ina nishati ya MJ (megajuli) 120. Ukiiondoa kwenye boila na kuziba pengo kwa gesi asilia, ambayo inatoa kama gramu 56 za CO₂ kwa kila MJ, ni 120 × 56 = gramu 6,720. Yani kilo 6.7 za CO₂ kwa kila kilo ya haidrojeni, na hujawasha kompresa bado. Ukiziba kwa makaa ya mawe, gramu 95 hivi kwa MJ, unafika kilo 11.4.

Sasa linganisha. Haidrojeni ya kawaida ya gesi asilia bila kunasa kaboni inatoa kilo 9 hadi 10 kwenye mtambo wenyewe. Kikomo cha Umoja wa Ulaya cha kuitwa haidrojeni ya kaboni ndogo ni gramu 28.2 kwa MJ, sawa na kilo 3.38 kwa kilo. Uingereza wanataka 2.4, Marekani kikomo chao ni 4. Kwa hiyo aliyeziba pengo kwa gesi asilia kashafeli kote, na wa makaa ya mawe katengeneza haidrojeni chafu kuliko ile aliyotaka kuishinda.

Kwa hiyo panga gesi yako mafungu matatu:

1. Inayochomwa bure kwenye mnara wa moto, fleya. Hii ndo dhahabu. Hakuna anayeidai, pengo ni sifuri.
2. Inayochomwa kwa uzembe, mfano boila la zamani linalopoteza joto kwenye bomba la moshi, au umeme unaozalishwa kwa ufanisi mdogo. Ukirekebisha upotevu huo unaifungua gesi bila kununua mafuta mengine.
3. Inayohitajika kweli. Hii usiiguse mpaka uwe na mbadala wa kaboni kidogo, kama umeme safi au joto lililokuwa linapotea.

Onyo: fungu la kwanza likaguliwe kwa saa, sio kwa mwaka. Unakuta kiwanda kinasema "tunachoma 8% ya gesi kwenye fleya", kumbe yote inachomwa kwenye siku chache za matengenezo na siku zingine hamna kitu. Mtambo wa haidrojeni hauwezi kuishi kwa siku chache.

Utajua umefanikiwa ukiwa na namba ya mita za ujazo kwa saa unazoweza kuchukua kwa zaidi ya asilimia 80 ya saa za mwaka bila mtu yeyote kununua mafuta zaidi. Hiyo ndo saizi ya mtambo wako, hata kama gesi yote kiwandani ni mara tano yake.

## Hatua ya 3: Chukua sampuli kama mtu mwenye wasiwasi

Wengi wanapima haidrojeni, methani, CO, CO₂ na nitrojeni, wanaweka kalamu chini. Vinavyoua mitambo havipo kwenye orodha hiyo. Pima pia:

- Salfa yote: H₂S, na zile za ogani, yani zilizoungana na kaboni, kama COS (salfaidi ya kabonili), disulfaidi ya kaboni na thayofeni. Anayepima H₂S peke yake atadhani amesafisha na kichocheo chake (kile kinachoharakisha mmenyuko bila kuisha) kitakufa huku mashine ya kupimia inasema sifuri.
- Oksijeni, manake huamua usalama na joto la hatua ya 8.
- Lami, naftalini, benzeni.
- Amonia na sianidi ya haidrojeni.
- Olefini na dieni, zile zinazogeuka gundi zikipashwa joto.
- Kloridi na vumbi.

Bomba la sampuli lipashwe joto njia nzima mpaka kwenye kifaa, la sivyo naftalini na maji vinaganda njiani na maabara inapokea gesi safi ambayo wewe huna. Chukua sampuli mchana na usiku, mtambo ukiwa mzigo mkubwa na ukiwa mzigo mdogo, na lazima wakati wa vurugu, mfano tanuru linapofunguliwa. Namba mbaya kuliko zote ndo ya kusanifia.

Onyo: hii gesi inaua. CO ya 1,200 ppm inahesabiwa hatari ya papo hapo kwa maisha, H₂S ni 100 ppm, na kwenye kiwango hicho pua inaacha kuinusa kabisa, kwa hiyo "sinusi kitu" sio ushahidi wa usalama. Msiende kuchukua sampuli mtu mmoja.

## Hatua ya 4: Osha kwanza

Mpangilio hapa una sababu yake. Unaanza na vitu vizito vinavyonata unamalizia na vidogo vyenye sumu kwa kichocheo, ukigeuza mpangilio kila chombo kinachofuata kinaziba.

Kwa gesi ya koki mfuatano unaofanya kazi ni huu: pooza, ondoa lami kwa kichujio cha umeme tuli, osha amonia kwa maji, osha benzeni na naftalini kwa mafuta ya kuoshea, kisha ondoa H₂S kwa kimiminika cha alkali. Viwanda vingi vya koki tayari vina mfululizo huu, ila vilijengwa kusafisha gesi ya kuchoma, sio gesi ya kukandamiza. Gesi inayoonekana safi kwenye kichomeo bado ina naftalini ya kutosha kuganda kwenye vipoozeo vya kompresa. Ndo maana baada ya kompresa ya kwanza unaweka vyombo vya mkaa amilifu vinavyosafishwa kwa joto, vinanasa mabaki ya benzeni na naftalini kabla hayajafika kwenye chujio kuu.

Gesi ya amonia ioshwe kwa maji tu, amonia inayeyuka vizuri. Ya klorini ioshwe matone ya kostiki na chembe za klorini, manake hizo zinakula chuma cha pua.

Maji yanayotoka kwenye uoshaji wa gesi ya koki yana fenoli, sianidi na amonia. Yanahitaji mtambo wake wa kutibu, na kwenye bajeti za mwanzo huwa hayapo kabisa, sijui kwa nini.

Utajua umefanikiwa tofauti ya presha kwenye vipoozeo ikikaa pale pale wiki hadi wiki. Ikipanda pole pole, una naftalini, usijidanganye kwamba ni kifaa cha kupimia.

## Hatua ya 5: Kukandamiza

Mtambo wa kuchuja unataka bari 10 hadi 30. Gesi ya koki inakuja na presha ndogo mno, juu kidogo tu ya hewa. Kwa hiyo kompresa ndo mla umeme mkuu.

Chukulia mfano wa gesi yenye haidrojeni 58%, chujio likirudisha 80% ya hiyo. Unahitaji mita za ujazo 24 hivi za gesi (zikipimwa kwa nyuzi 0 na presha ya kawaida ya hewa) kupata kilo 1. Kuzipeleka mpaka bari 20 kunakula kama uniti 3 hadi 4 za umeme kwa kilo. Umeme wako ukiwa wa kilo 0.5 za CO₂ kwa uniti, hapo tayari una kilo 1.5 hadi 2. Ukiwa wa makaa ya mawe tupu unakaribia kumaliza kikomo chote cha Ulaya kwa kompresa peke yake. Swali la umeme unatoka wapi liko moyoni mwa hesabu kabisa, usiliache la mwisho.

Aina ya kompresa: ya skrubu inayopuliziwa maji inavumilia uchafu na inabaki ya baridi. Ya pistoni ina ufanisi mzuri ila vali zake zinanata gesi ikiwa na dieni. Njia moja ni kuweka skrubu hatua ya kwanza, unasafisha, halafu pistoni.

Onyo kubwa kuliko yote kwenye mwongozo huu: kompresa isiruhusiwe kamwe kuvuta bomba la gesi mpaka likawa chini ya presha ya hewa. Likifika huko hewa inaingia kwenye kila tundu, na wewe unaikandamiza pamoja na haidrojeni. Weka vipimo vya presha vitatu upande wa kuvutia, viwili kati ya vitatu vikisema presha imeshuka, mashine inazima yenyewe bila kumuuliza mtu. Weka na kipima oksijeni hapo hapo.

## Hatua ya 6: Unataka haidrojeni iliyopo, au na ile iliyofichwa?

Gesi nyingi zina haidrojeni huru na nyingine imefichwa ndani ya methani na CO. Kuchukua iliyo huru ni kuchuja tu. Kuchukua iliyofichwa ni kemia, na gharama yake ni nyingine kabisa. Kwa mradi wa kwanza mimi ningechukua iliyo huru tu nikamalizia hapo, lakini kama gesi yako ni ya konveta huna ujanja, lazima upite huku.

CO na mvuke. Mafundi wanaita shifti: CO na maji vinakuwa CO₂ na haidrojeni. Inatoa joto. Kichocheo cha chuma na kromi kinafanya kazi nyuzi 310 hadi 450, cha shaba na zinki 180 hadi 250 na hakitaki salfa hata chembe. Gesi ikiwa na salfa nyingi tumia cha kobalti na molibdenamu, hicho kinaitaka salfa ili kifanye kazi.

Kila asilimia 1 ya CO kwenye gesi yenye mvuke inapandisha joto kama nyuzi 10 hivi. Gesi ya konveta yenye CO 60%, hata ukiweka mvuke mara mbili ya CO, inaweza kupanda karibu nyuzi 300 kwenye chombo kimoja. Gawa vyombo viwili au vitatu, pooza katikati. Na usibanie mvuke, ukipungua CO inajigeuza masizi juu ya kichocheo.

Methani na mvuke. Nyuzi 800 hadi 900, kichocheo cha nikeli, inakula joto jingi. Salfa lazima ishuke chini ya 0.1 ppm: kwanza geuza salfa za ogani kuwa H₂S kwa kichocheo cha kobalti na molibdenamu kwenye nyuzi 350 hivi, kisha nasa kwa oksidi ya zinki. Ukiruka hatua ya kugeuza, thayofeni inapita kwenye zinki kama haipo.

Maonyo mawili ya kuzima mtambo. Kichocheo cha nikeli kisipoozwe chini ya nyuzi 200 kikiwa bado kwenye gesi yenye CO, kinatengeneza kabonili ya nikeli, sumu mbaya mno hata kwa kiwango kidogo sana. Sukuma CO yote itoke kwanza kwa mvuke halafu nitrojeni. Na kichocheo kilichotumika kisifunguliwe hewani ghafla, cha shaba na cha chuma vinawaka vyenyewe, na kutu ya salfa ndani ya vyombo nayo inawaka.

Shifti ina faida moja ya kaboni: CO₂ inatoka ikiwa nyingi na kwenye presha, kwa hiyo kuinasa kwa amini (kimiminika kinachofyonza CO₂) ni rahisi kuliko kuinasa kwenye moshi wa boila. Kila kilo ya haidrojeni inayotoka kwenye CO inakuja na kilo 22 hivi za CO₂. Kaboni hiyo ingetoka hewani hata ungeichoma CO kawaida, lakini kuinasa hapa na kuizika sehemu ya kudumu ndo kunakovuta hesabu yako chini kweli kweli. Ukiinasa ukaiachia tena hewani umepoteza umeme tu.

## Hatua ya 7: Kuchuja

Chaguo kuu ni mbili.

PSA, mtambo wa kunasa kwa kubadilisha presha. Gesi inapita kwenye vyombo vya alumina, mkaa amilifu na zeolaiti (madini yenye vitundu vidogo mno), uchafu unabaki, haidrojeni inapita. Presha ikishushwa uchafu unaachiwa. Inarudisha 75 hadi 90% ya haidrojeni na inafika 99.999%. Haidrojeni inatoka na presha karibu ile ile iliyoingia nayo.

Utando. Haidrojeni inapenya ukuta wa polima. Usafi kama 90 hadi 98%, na inatoka upande wa presha ndogo, utalazimika kuikandamiza upya. Unafaa gesi yenye presha kubwa kama ya amonia, au kama hatua ya kwanza pale haidrojeni iko chini ya 50% na PSA itateseka.

Mambo ya kushikilia kwenye PSA:

- Presha ya kuingizia iwe angalau mara 4 ya presha ya gesi ya mkia, yani mabaki yanayotoka baada ya haidrojeni kuchujwa, zote kwa presha kamili (ukihesabu na ya hewa). Ukiibana gesi ya mkia iende mbali bila feni, urejeshaji unaanguka.
- Usidai usafi usiouhitaji. Usafi na urejeshaji vinavutana, ukipandisha kimoja kingine kinashuka.
- Maji ya kimiminika yakiingia mara moja tu zeolaiti imeharibika. Weka kitenganishi chenye kengele mbele yake.
- Vali zinafunga na kufungua mara nyingi mno kila siku, hizo ndo zitakazochoka kwanza. Weka akiba.

Utajua umefanikiwa CO kwenye haidrojeni ikikaa chini ya kikomo cha mteja kwenye mzunguko mzima wa vyombo, sio kwa wastani. Chombo kimoja kibovu kinajificha ndani ya wastani.

## Hatua ya 8: Oksijeni na unyevu

Oksijeni inapita PSA kwa sehemu. Unaiondoa baadaye kwa kichocheo cha paladiamu, inaungana na haidrojeni kuwa maji. Kwa nini baada ya PSA? Kwa sababu salfa na CO zinaua paladiamu, na sasa hazipo.

Kila 0.1% ya oksijeni inapandisha joto nyuzi 16 au 17. Ikiwa 0.5% una nyuzi 80 za ziada, sanifu kwa hilo na uweke kikomo cha kuzima. Baada ya hapo kausha.

## Hatua ya 9: Gesi ya mkia

Chukua mita 10,000 kwa saa za gesi ya koki. Haidrojeni ni 5,800, ukirudisha 80% unapata 4,640, sawa na kilo 417 kwa saa. Zinabaki mita 5,360. Ujazo umepungua karibu nusu, lakini nishati imepungua kama 28% tu, kwa sababu methani yote imebaki. Kila mita sasa ina MJ 23 hivi badala ya 17 na nusu.

Kwa hiyo vichomeo vya zamani havitaielewa. Mwali utakuwa wa polepole na mrefu zaidi, hewa inayohitajika kwa mita ni nyingi zaidi. Usipovirekebisha utatoa CO na masizi kwenye bomba la moshi halafu lawama zinaenda kwa PSA. Gesi ya mkia pia inapumua kufuata mizunguko ya vyombo, weka tangi la kutulizia presha kabla ya feni.

## Hatua ya 10: Kuwasha mara ya kwanza

1. Pima uvujaji kwa nitrojeni yenye heliamu kidogo. Bomba linaloshika maji au hewa linaweza kuvujisha haidrojeni.
2. Sukuma hewa kwa nitrojeni mpaka oksijeni ishuke chini ya 1%, ukipima kwenye ncha zilizoziba pia. Haidrojeni haiwaki oksijeni ikiwa chini ya 5% hivi, hiyo nafasi iliyobaki ni ya makosa ya kupima.
3. Hakikisha vipima gesi viko juu, kwenye dari, kwa ajili ya haidrojeni. H₂S ni nzito, vipima vyake viwe chini.
4. Ingiza gesi pole pole, bidhaa ya mwanzo iende fleya mpaka uchambuzi utulie.
5. Pandisha mzigo kwa hatua, kila hatua subiri.

Haidrojeni inawaka ikiwa 4 hadi 75% hewani, cheche ndogo mno inatosha, na mwali wake mchana hauonekani. Anayekagua eneo linaloshukiwa kuvuja atumie kamera ya joto, asitumie macho.

## Hatua ya 11: Hesabu ya kaboni

Jumlisha, kwa kilo 1 ya haidrojeni: mafuta yaliyoziba pengo pamoja na uvujaji wa methani wa huko yanakochimbwa, umeme wote (kompresa, pampu, vipoozeo), mvuke, kemikali, kisha toa CO₂ iliyozikwa kwa kudumu tu.

Mfano: gesi yote ya fleya, umeme uniti 4 wa kilo 0.3, unapata kilo 1.2, unapita vikomo vyote vitatu nilivyotaja. Mtambo ule ule, robo tu ya nishati ikizibwa kwa gesi asilia: 1.2 + 1.7 = 2.9. Ulaya unapita, Uingereza umefeli. Ukifika nusu ni 4.6 na umefeli kote. Weka mita kwenye kila bomba la mafuta mbadala tangu siku ya kwanza, mkaguzi hatakubali makadirio, na kanuni za nani anabebeshwa kaboni gani zinatofautiana kati ya soko na soko, kwa hiyo chagua kanuni kabla ya kufunga mita.

## Dalili na pa kuanzia kutafuta

- Haidrojeni inapungua, usafi uko sawa: presha ya gesi ya mkia imepanda, au vali inavuja kati ya vyombo viwili.
- CO inaruka kwa vipindi sawa sawa: chombo kimoja cha PSA. Linganisha muda wa kuruka na ratiba ya vyombo utamjua mhusika.
- Nitrojeni inapanda pole pole: zeolaiti imeingia maji, au kuna hewa inaingia upande wa kuvutia. Angalia oksijeni kwanza, ikiwa imepanda nayo zima mtambo, usisubiri zamu ijayo.
- Joto la paladiamu limeshuka ghafla na oksijeni inatoka na bidhaa: kichocheo kimelishwa sumu. Rudi nyuma utafute salfa.
- Kila kitu kiko sawa ila bili ya gesi asilia imepanda: rudi hatua ya 2, kuna boila mtu hakuliweka kwenye mchoro.